Mimea saba ndani ya chupa moja, na ubongo wa mtoto

Mitihani ya darasa la saba ikikaribia, kuna chupa inayoanza kuzunguka. Picha yake inapita kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, yenyewe inauzwa stendi, na wakati mwingine inaletwa nyumbani na shangazi mwenye nia njema kabisa. Ndani kuna maji ya rangi ya chai iliyokolea. Karatasi iliyobandikwa nje inasema ni mchanganyiko wa mimea saba, unaongeza akili na kumbukumbu, unamtuliza mtoto msumbufu, na hauna madhara kwa kuwa ni wa asili.

Mara nyingi karatasi hiyo hiyo inaahidi pia kuondoa gesi tumboni na kurudisha nguvu za kiume. Chupa yenye kazi zote hizo inastahili kutiliwa shaka hata kabla ya kufunguliwa.

Lakini tuache ahadi. Kuna swali dogo ambalo karatasi hailijibu, na ndilo linalomhusu mzazi kuliko yote: ni mimea ipi hiyo saba? Anayeuza pengine anajua. Anayenunua hajui. Na mtoto anayepewa kijiko asubuhi na jioni ana ubongo ambao bado unajengwa.

Mimea inafika kwenye ubongo

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya miti shamba haina madhara, na wapo wanaoamini kwamba ni maji tu yasiyo na kazi. Wote wawili wanakosea, na kwa sababu moja: hawaamini kwamba mmea ni dawa.

Kahawa ni mmea, na kila aliyekesha akisoma anajua inachofanya kichwani. Huko Calabar, Nigeria, zamani watu waliotuhumiwa uchawi walilazimishwa kula mbegu ya mmea fulani ili wajulikane kama wana hatia. Wengi walikufa. Mwaka 1864 wanasayansi walitoa ndani ya mbegu hiyo kemikali inayoitwa fisostigmini, na uchunguzi wa kemikali za namna hiyo ndio ulioleta rivastigmini, dawa wanayopewa leo wazee wanaopoteza kumbukumbu. Mbegu ile ile ya kuulia watu ikafungua njia ya kuwasaidia wagonjwa. Kilichobadilika ni kipimo, na kujua kilichomo.

Ubongo una ulinzi wake. Kuta za mishipa yake midogo ya damu zimebanana sana, hivyo vitu vingi vinavyozunguka mwilini haviingii. Vinavyopenya kwa urahisi ni vile vinavyoyeyuka kwenye mafuta, na mafuta ya mimea yenye harufu kali ni ya kundi hilo. Mtoto mchanga ana tatizo la ziada: ini lake bado halijawa na nguvu ya kuvunja kemikali haraka. Tena kuna hesabu ya uzito. Kijiko kilekile anachokunywa baba wa kilo 60, kikiingia kwa mtoto wa kilo 6, ni dozi mara kumi.

Chai iliyoleta degedege

Mwezi Septemba 2001, nchini Uholanzi, watu walianza kuugua saa chache baada ya kunywa chai ya majani iliyochanganywa viungo. Waliotoa taarifa walikuwa 63. Walihisi kichefuchefu, wakatapika, na 22 wakalazwa hospitalini. Kati yao 16 walipata degedege la mwili mzima, watu ambao asubuhi yake walikuwa wazima.

Uchunguzi uliishia kwenye kiungo kimoja ndani ya mchanganyiko: kile chenye umbo la nyota, ambacho baadhi ya nyumba hukitia kwenye biriani. Kiungo hicho kina ndugu yake anayeota Japani. Vikikauka vinafanana kiasi kwamba jicho la kawaida haliwezi kuvitofautisha. Wa China ni wa jikoni. Wa Japani ana sumu iitwayo anisatini.

Ili kuelewa sumu hiyo inafanya nini, fikiria bodaboda inayoteremka mlima. Ubongo una kemikali zinazouchochea na nyingine zinazoutuliza, na ile kubwa ya kutuliza, GABA, ndiyo breki. Anisatini inazuia breki isishike. Seli za ubongo zinaanza kurusha ishara zote kwa pamoja, na anayetazama kwa nje anaona mtoto amekakamaa, anatikisika, macho yamegeuka.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2003, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu chai za kiungo hicho. Ilikuwa imepokea taarifa za watu wapatao 40 walioumwa, na takriban 15 kati yao walikuwa watoto wachanga. Watoto hawakupewa chai hiyo ili waongezewe akili. Walipewa kwa sababu walikuwa wanalia usiku, tumbo likijinyonga. Kila mama wa Tanga au Mombasa anazijua nyakati hizo, na anajua pia majirani watano watakaokuja na dawa tano za mchango kabla hakujakucha.

Katika visa hivyo hakuna aliyekusudia kumdhuru mtu. Mfanyabiashara alinunua gunia, gunia lilikuwa limechanganyika, na mchanganyiko ukaficha kosa. Kiungo kimoja kikiwa peke yake kwenye sahani, mtu anayekijua angeweza kukikagua. Kikisagwa pamoja na vingine sita, hakuna macho ya kukigundua.

Moja ukijumlisha moja

Waganga wa jadi wana sababu za kuchanganya. Mzizi mmoja ni mchungu, wa pili unaulainisha. Mmoja unafanya kazi, wa pili unausaidia ufike. Wazo hilo si ujinga, na maabara zimelithibitisha zaidi ya mara moja. Tatizo ni kwamba msaada huo haujui kuchagua.

Chukua manjano na pilipili manga, vitu vya jikoni. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu wazima wenye afya gramu 2 za kurkumini, ile kemikali inayoyapa manjano rangi yake. Ikiwa peke yake, ilionekana kwa shida sana kwenye damu. Walipoongeza miligramu 20 tu za piperini, kemikali ya pilipili manga, kiasi kilichofika kwenye damu kilipanda takriban mara 20. Ini ni kama kituo cha mizani barabarani: kila kinachopita hupimwa na kupunguzwa. Piperini inawashughulisha wenye mizani, na magari mengine yanapita na mzigo mzima.

Kwa mchuzi wa nyumbani hilo halina shida. Lakini piperini hiyo hiyo imeonekana kupandisha pia kiwango cha fenitoini, dawa ya kifafa, kwenye damu ya wagonjwa wanaoitumia. Fenitoini ni dawa ambayo nafasi kati ya kipimo kinachofaa na kinachozidi ni finyu sana. Ikizidi, mtoto anasinzia, anapepesuka akitembea, anaona vitu viwili viwili. Mzazi atadhani kifafa kimezidi, kumbe ni dawa iliyozidi.

Kuna mimea inayofanya kinyume chake. Hypericum perforatum, mmea wa Ulaya wenye maua ya njano unaouzwa kwa ajili ya huzuni na msongo wa mawazo, unalichochea ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Mwaka 2000 ilionekana kwamba unashusha kwa zaidi ya nusu kiwango cha mojawapo ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Unadhoofisha pia vidonge vya uzazi wa mpango.

Na kuna ile michanganyiko ambayo mimea miwili inasukuma upande mmoja. Efedra, mmea wa Asia, unapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kafeini nayo inafanya hivyo. Vilipowekwa pamoja kwenye vidonge vya kupunguza uzito na kuongeza nguvu, Marekani ilianza kupokea taarifa za watu waliopata kiharusi na degedege, baadhi yao vijana, na mwaka 2004 virutubisho vyenye efedra vikapigwa marufuku. Vidonge hivyo pia viliuzwa kwa sifa ya kuwa vya asili.

Vilivyomo ndani ya nyumba

Si lazima kwenda Uholanzi. Mwarobaini upo uani kwa watu wengi, na jina lake linatokana na magonjwa arobaini unayosifiwa kutibu. Majani yake ni kitu kimoja. Mafuta yanayokamuliwa kwenye mbegu zake ni kitu kingine. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika kuhusu watoto wachanga waliofikishwa hospitalini wakiwa wanatapika, wamelegea, wanahema haraka na kupata degedege baada ya kunyweshwa mafuta hayo kama dawa ya kienyeji. Sumu ilikuwa imeshika ini na ubongo kwa pamoja.

Kafuri inajulikana pwani kwa shughuli za maziko, lakini imo pia kwenye dawa nyingi za kuchua kifua. Ikimezwa, inaleta degedege haraka. Mwaka 2009 madaktari wa Bronx, New York, walitoa taarifa ya watoto watatu waliopata degedege kutokana na kafuri iliyokuwa nyumbani kwao. Marekani hairuhusu dawa ya kuchua iwe na kafuri zaidi ya asilimia 11. Vipande vya kafuri vinavyouzwa mitaani havina kipimo hicho, na kwa mtoto anayetambaa vinafanana na pipi.

Kisha mkaratusi. Tangu mwaka 2020, nyungu imerudi kwenye nyumba nyingi: majani ya mkaratusi, mchaichai, limao na tangawizi kwenye sufuria, na blanketi juu. Majani kwenye maji si sawa na mafuta ya mkaratusi yaliyokamuliwa na kuwekwa kwenye kichupa. Hospitali moja ya watoto mjini Melbourne, Australia, ilipitia kumbukumbu za watoto 109 waliolazwa kati ya 1981 na 1992 baada ya kumeza mafuta hayo. Watoto 31 walikuwa wamepungukiwa fahamu. Wengi walikunywa dawa iliyowekwa kwenye vifaa vya kujifukizia. Kwa hiyo hatari ya nyungu kwa mtoto mdogo haiishii kwenye kuungua na maji ya moto, ingawa hiyo nayo inatosha kumweka mbali na sufuria.

Asali inayotiwa ili kupunguza uchungu nayo isipewe mtoto chini ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo kwa mtu mzima havina neno, lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga vinatengeneza sumu inayolegeza misuli, mpaka ya kupumulia.

Yapo pia yasiyotajwa kabisa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walinunua dawa 70 za jadi ya Kihindi kwenye maduka ya eneo la Boston na kuzipima. Dawa 14, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu inashusha uwezo wa mtoto wa kujifunza na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mzazi anaweza kununua akili na kupewa kinyume chake.

Mtoto mwenye kifafa

Nyumba ambazo jambo hili ni zito kuliko zote ni zile zenye mtoto mwenye kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila degedege wakipata matibabu sahihi. Mahenge, mkoani Morogoro, daktari kutoka Norway aitwaye Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika jamii iliyokuwa ikiwaogopa wagonjwa hao na kuwatenga. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabito, kidonge cha bei nafuu ambacho bado kinatumika.

Katika nyumba nyingi mambo huenda hivi. Mama anampa mtoto kidonge asubuhi. Jioni bibi anampa kikombe. Hakuna ugomvi, kila mmoja anampenda mtoto. Ila kama kikombe kina mmea wa kulewesha usingizi, unajumlika na fenobabito, ambayo nayo inasinzisha, na mtoto anaweza kulala mpaka kupumua kukawa kwa shida. Kama kina mmea wa kuchochea ubongo, unapingana na kidonge na degedege linarudi. Baya zaidi ni pale mtoto anapokaa wiki mbili bila kuanguka, familia ikaamua ni kikombe kilichoponya, na vidonge vikaachwa siku moja. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo bila kukatika, na hapo ni maisha ya mtoto.

Je, hakuna mmea wowote unaosaidia? Habasoda ni mfano mzuri. Mwaka 2007 watafiti wa Iran waliwapa watoto wenye kifafa sugu maji yaliyotolewa kwenye habasoda, juu ya dawa zao za kawaida, na degedege likapungua. Mwaka 2013 watafiti wa Misri walijaribu mafuta ya habasoda kwa watoto wa aina hiyo, nao hawakuona tofauti ya maana. Mbegu ni moja, namna ya kuikamua ni mbili, majibu mawili. Tafiti zote mbili zilikuwa ndogo, na katika zote hakuna mtoto aliyeachishwa vidonge vyake.

Na bibi anaambiwaje? Si kwa kumnyang'anya kikombe. Kumuuliza, “Bibi, humu umetia mizizi gani, tukamwambie daktari?” si kumkosea adabu. Mara nyingi bibi anayajua majina yote na anafurahi kuulizwa. Anayeshindwa kuyataja ni muuzaji wa stendi.

Upande wa hospitali nako kuna la kusema. Wazazi wengi wanaficha kwa sababu waliwahi kufokewa mbele ya watu kwa kutaja miti shamba. Mhudumu anayefoka anapata jibu la “hapana, hajapewa kitu,” kisha anamwandikia mtoto dawa akiwa hajui nusu ya habari.

Wajapani na mimea saba

Mchanganyiko wa mimea unaweza kuchunguzwa. Japani kuna dawa ya jadi iitwayo yokukansan, yenye mimea saba hasa, ambayo zamani ilitumika kwa watoto wanaolia usiku na wenye hasira. Mwaka 2005 madaktari waliijaribu kwa wagonjwa 52 wenye ugonjwa wa kusahau, na baada ya wiki nne wale walioinywa walikuwa wametulia zaidi. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata, ambao wengine walipewa dawa ya bandia bila wao kujua, haukuonyesha tofauti ya wazi. Madaktari waligundua pia kwamba mmoja wa mimea hiyo, susi, unaweza kushusha madini ya potasiamu mwilini, kwa hiyo wanaoitumia hupimwa damu.

Hiyo saba ya Japani inatajwa jina kwa jina, kwa gramu, na kila pakiti inafanana na nyingine. Hata hivyo bado wanabishana kama inafanya kazi. Saba ya kwenye chupa ya stendi haina hata hatua ya kwanza.

Na ile akili ya mtihani? Mmea uliochunguzwa kuliko mingine kwa ajili ya kumbukumbu ni ginko. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 uliwafuatilia watu 3,069 wenye umri wa kuanzia miaka 75 kwa takriban miaka sita. Ginko haikuwazuia kupata ugonjwa wa kusahau. Kwa mtoto wa darasa la saba, vitu vinavyojulikana kusaidia kichwa havina mvuto wa kibiashara: usingizi wa saa tisa hivi, uji asubuhi, chumvi yenye madini joto, dawa za minyoo, kupimwa damu kama ana upungufu, na kupimwa macho. Si ajabu mtoto anayesemwa kuwa mzito wa kuelewa akawa haoni ubao.

Kabla ya kijiko, na baada yake

Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002, ambalo husajili waganga na dawa zao. Kuuliza namba ya usajili ni haki ya mnunuzi. Usajili hautoshi kumpa mtoto mchanga dawa, lakini kutokuwepo kwake kunatosha kuirudisha chupa. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama na dawa aliyoandikiwa. Anayetumia dawa za kifafa, za kufubaza virusi au za moyo asiongezewe chochote kabla ya daktari wake kujua.

Dalili za kuangalia baada ya mtoto kunywa ni kusinzia kusiko kwa kawaida, kutapika mfululizo, kushtuka-shtuka, kupepesuka, kukodoa macho au kupumua kwa shida. Akipata degedege, alazwe kwa ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asinyweshwe maziwa wala mafuta ya taa, na asilazimishwe kutapika. Saa iangaliwe, maana dakika tano za degedege ni dharura. Safari ya hospitali isisubiri gari la mjomba, na chupa yenyewe ibebwe, hata kama imebaki tupu.